Breki ya kuegesha: nguvu ikiisha, gari linashikwa na nini?

Mjadala wa breki ya mkono siku hizi umegeuka ushabiki. Wapo wanaotetea mpini wa kuvuta, wapo waliokwisha kuzoea kitufe cha umeme. Naona pande zote mbili zinalipita swali lenyewe: dereva akishaondoka, nguvu inayolishika gari inatoka wapi, nayo ikiisha, gari linabaki au linaondoka?

Ukivuta mpini, waya unakaza breki za nyuma na meno yaliyo chini yake yanauzuia usirudi. Nguvu yote ni ya mkono wako. Hakuna umeme wala kompyuta, na waya ukilegea fundi anaukaza kwa spana. Lakini mkono wa mtu hauna kipimo: mmoja anavuta meno matatu, mwingine saba. Tena kuna jambo ambalo watetezi wa mpini hawalitaji: diski, yaani sahani ya chuma inayobanwa na pedi za breki, ikipata moto kisha ikapoa husinyaa, na mbano hulegea. Gari lililotulia kwenye mteremko lilipoegeshwa linaweza kuanza kuteleza baadaye, ndani yake hamna mtu.

Hapo kitufe kina hoja nzito. Tangu BMW ilipokiweka kwenye gari lake la 7 Series mwaka 2001, kimeshuka hadi kwenye magari madogo ya kawaida. Katika mifumo mingi, mota ndogo huzungusha skrubu inayobana pedi kwa nguvu iliyopimwa, na mingine hukaza tena diski ikishapoa. Hofu kwamba betri ikifa gari litaachia haina msingi, maana skrubu hairudi nyuma yenyewe. Tabu iko kwingine. Betri ikifa, breki iliyofungwa haifunguki kirahisi, na ambayo haikufungwa haifungiki. Hata kubadilisha pedi za nyuma hudai mota irudishwe kwanza, mara nyingi kwa mashine ya kupimia gari. Fundi anayelazimisha pistoni inayosukuma pedi irudi nyuma huharibu gia za ndani. Kwa anayeishi mbali na fundi mwenye mashine hiyo, bado ningemshauri mpini.

Herufi P ya gia otomatiki si breki. Ni kijino cha chuma kinachoingia kwenye gia ndani ya giaboksi, na kukibebesha uzito wote wa gari kwenye mteremko ni kukionea. Vuta breki kwanza, ndipo mguu uachie pedali.

Kwenye vyombo vikubwa, swali langu huacha kuwa la kubishania. Tarehe 6 Julai 2013, treni yenye mabehewa 72 ya mafuta ghafi ilikuwa imeegeshwa kwenye mteremko juu ya mji wa Lac-Mégantic, Kanada. Breki za mkono zilizokazwa zilikuwa 7 tu. Kazi iliyobaki ilifanywa na breki ya upepo ya injini. Moto ukazuka kwenye injini hiyo, ikazimwa, kompresa inayosukuma upepo ikasimama, na upepo ukavuja taratibu. Treni ikashuka hadi katikati ya mji, watu 47 wakafa. Kilichoishika kilikuwa kitu kinachovuja.

Lori la breki za upepo limegeuza mambo. Springi kubwa ndiyo inayobana breki ya kuegesha, na kazi ya upepo ni kuirudisha springi hiyo nyuma ili gari liende. Upepo ukiisha, springi inashika yenyewe. Kwangu hii ndiyo fikra bora kuliko zote nilizozitaja, ingawa ina gharama zake: lori lenye bomba la upepo lililopasuka hukwama pale pale, hata kama ni katikati ya njia, na anayefungua chemba inayoihifadhi springi bila kuifunga kwanza anaweza kuuawa nayo. Viatu vya breki visiporekebishwa, springi husukuma hadi mwisho wake bila kubana vya kutosha.

Na kuna mtego. Ili lori lililokwama livutwe, fundi hukaza bolti maalumu inayoirudisha springi nyuma kwa mkono. Kazi ikiisha, bolti zisipolegezwa, dereva atavuta valvu ya breki ya kuegesha, upepo utatoka kwa mlio ule ule anaouzoea, naye atashuka akiamini amefunga, wakati hakuna springi hata moja inayoshika.