Kumuenzi Jimi Hendrix: darasa, mhadhara na jukwaa

Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa roki kutoka Marekani, alitua London Septemba 1966, akiletwa na Chas Chandler, aliyekuwa mpiga bezi wa kundi la The Animals. Alifariki katika jiji hilohilo tarehe 18 Septemba 1970, akiwa na umri wa miaka 27. Kwa hiyo muda wote alioongoza bendi na kujulikana kwa jina lake ulikuwa takriban miaka minne, na katika muda huo alitoa albamu tatu tu za studio. Shughuli za kumuenzi zimedumu zaidi ya nusu karne: kuna madarasa ya gitaa yanayofundisha mtindo wake, mihadhara kuhusu maisha na nafasi yake katika historia, na matamasha ambamo wapigaji wengine hucheza nyimbo zake. Swali langu ni kama shughuli hizi zinaurithisha muziki wake au zinaugandisha. Naona kwamba jibu la darasa silo jibu la tamasha, ingawa mara nyingi tunazizungumzia kana kwamba ni kitu kimoja.

Nianze na darasa, kwa sababu hapo ndipo pana hoja nzito zaidi kwa pande zote mbili. Wanaolipinga husema kwamba Hendrix hakusoma noti wala hakupitia chuo cha muziki. Alijifunza kwa sikio, kwa kusikiliza santuri za wanabluzi kama Muddy Waters, na kisha kwa kusimama nyuma ya wakubwa kama Little Richard na Isley Brothers, akiwapigia gitaa usiku baada ya usiku. Mtu aliyefunzwa hivyo, wanasema, huwezi kumgeuza mtaala. Wanaongeza, na hapa wana haki, kwamba Hendrix hakuupiga wimbo namna moja mara mbili. Toleo la studio la «Little Wing» la mwaka 1967 halifiki hata dakika tatu, na jukwaani aliubadilisha kila alipoushika. Mwanafunzi anayekariri toleo hilo moja kutoka kwenye kitabu kinachoonyesha kila kidole kiwekwe wapi huishia kuamini kwamba ameushika wimbo, ilhali alichoshika ni jioni moja tu ya kazi ya studio.

Hata hivyo, hoja hiyo inasahau kwamba Hendrix mwenyewe aliwahi kuwa mwanafunzi wa kuiga. Ile namna yake ya kupamba kordi kwa vijisauti vidogo vinavyopanda na kushuka, hata gitaa moja likasikika kama linaimba na kujisindikiza lenyewe, ina deni kubwa kwa Curtis Mayfield, mwimbaji na mpiga gitaa wa muziki wa soul. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asipofua huvukuta, na kuvukuta kwa Hendrix kulikuwa kuwapigia wengine nyimbo zao kama walivyozitaka. Hakuna njia nyingine ya kuanza. Darasa zuri humweleza mwanafunzi kwa nini mkono ule ulifanya ulivyofanya. Hendrix alikuwa na vidole virefu, akaweza kupitisha gumba juu ya shingo ya gitaa na kubana uzi mnene, hivyo vidole vingine vikabaki huru kupamba. Mara nyingi alilegeza nyuzi zote kwa nusu toni, jambo lililozifanya ziwe laini zaidi kuvutwa. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa mashoto, alipindua gitaa la umeme la aina ya Stratocaster lililotengenezwa kwa watu wa kulia na kuzipanga upya nyuzi zake.

Jambo hili la mwisho linastahili kuelezwa kwa undani, maana linaonyesha darasa linaweza kufundisha nini na haliwezi kufundisha nini. Kwenye gitaa hilo, kinasa sauti (kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi) kilicho karibu na daraja, yaani sehemu ya mwilini mwa gitaa ambako nyuzi huegemea, kimewekwa mshazari, upande wa nyuzi nyembamba ukiwa karibu zaidi na daraja. Gitaa likipinduliwa, mshazari nao hugeuka: nyuzi nene hunaswa karibu na daraja, zikatoa sauti kali zaidi, na nyembamba hupata ulaini kidogo. Hivyo sehemu ya sauti tunayoiita ya Hendrix ilitokana na mtu kuzoea chombo ambacho hakikutengenezwa kwa ajili yake. Leo kampuni ya Fender, inayotengeneza Stratocaster, inawauzia watu wa kulia gitaa lenye jina lake, ambalo kichwa chake na mshazari wa kinasa chake vimegeuzwa kiwandani ili liifuate sauti hiyo. Silaumu, ni chombo kizuri, na anayetaka kuielewa sauti ile atajifunza mengi kwa kulishika. Lakini mwalimu anapaswa kusema wazi kwamba Hendrix alifika pale kwa kukabiliana na kikwazo, na kwamba mwanafunzi ana vikwazo vyake mwenyewe vya kuvifanyia kazi.

Mhadhara ndio unaopuuzwa zaidi kati ya shughuli hizi tatu, labda kwa sababu hauna kelele. Hasara yake inajulikana: msemaji asiye makini hugeuza maisha ya msanii kuwa hadithi ya kifo, akatumia saa nzima kwenye siku za mwisho na dakika tano kwenye muziki. Faida yake, ukiandaliwa vyema, ni kubwa kuliko tunavyokiri. Chukua asubuhi ya Jumatatu, tarehe 18 Agosti 1969, kwenye tamasha la Woodstock nchini Marekani, wakati watu wengi walikwisha kuondoka. Hendrix alipiga wimbo wa taifa wa Marekani, akaujaza milio ya mabomu na ving'ora, vita vya Vietnam vikiendelea. Anayetazama picha tu hubaki na taswira ya mwasi. Mhadhiri anaweza kumkumbusha kwamba mtu huyo alikuwa askari wa kikosi cha miavuli cha jeshi la nchi hiyo miaka minane kabla, na kwamba alipohojiwa kwenye televisheni alisema haoni kama alichokifanya si cha kawaida, bali alikiona kizuri. Maelezo hayo hayamalizi ubishi kuhusu maana ya tukio lile; yanaufanya uwe ubishi wa watu wanaojua wanachobishania.

Mhadhara pia hufanya kazi ambayo gitaa pekee haliwezi: huirudisha roki kwenye bluzi na kwa Wamarekani weusi walioizaa. Hendrix alitokea Seattle, akapita kwenye kumbi za watu weusi kabla ya kupata umaarufu mbele ya umati ambao sehemu kubwa ulikuwa wa Wazungu. London, nyumba namba 23 ya Brook Street, alikoishi mwaka 1968 na 1969, imefunguliwa kwa umma tangu 2016, ikiwa imepakana ukuta kwa ukuta na namba 25, alikoishi mtunzi wa muziki Handel tangu 1723 hadi kufariki 1759. Wapo wanaouona ujirani huo kama kivutio cha utalii. Mimi nauona kuwa mahali pazuri mno pa kuzungumzia wanamuziki wawili waliohamia jiji lilelile na kulifanya lisikilize upya.

Tamasha la kumuenzi ndilo linalonitia shaka zaidi. Utetezi wake una nguvu: matamasha ya Experience Hendrix, yanayosimamiwa na kampuni ya familia yake iliyoundwa 1995 baada ya baba yake kushinda mgogoro wa haki za kazi zake, yamewapandisha jukwaani watu waliomfahamu. Billy Cox, aliyekutana naye jeshini, alikuwamo. Mitch Mitchell, mpiga ngoma wake, alifariki Portland Novemba 2008, siku chache tu baada ya ziara mojawapo kumalizika. Kuwasikia watu hao ni urithi ambao hauwezi kupatikana kitabuni. Lakini kadiri wanavyopungua, jukwaa huelekea kuwa mashindano ya wapigaji solo, kila mmoja akirefusha, na hapo Hendrix mtunzi na mwimbaji hupotea nyuma ya Hendrix wa kupiga gitaa kwa meno na kulichoma moto. Michezo ile yeye mwenyewe aliipunguza sana miaka yake ya mwisho, akitaka asikilizwe.

Kipimo cha tamasha zuri alikitoa yeye. Tarehe 4 Juni 1967, katika ukumbi wa Saville, London, alifungua onyesho kwa wimbo uliobeba jina la albamu mpya ya Beatles iliyotoka siku chache tu kabla, huku baadhi yao wakiwa wameketi wakimtazama. Hakuuiga, aliupiga kana kwamba umetungwa kwa ajili ya watu watatu na gitaa moja. Mwaka uliofuata akauchukua «All Along the Watchtower» wa Bob Dylan, na Dylan mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikuja kuupiga akifuata njia ya Hendrix. Tamasha ambalo kila mpigaji ameruhusiwa, au hata amelazimishwa, kuvunja wimbo mmoja na kuujenga upya lingemuenzi kuliko lile linalotoa tuzo kwa anayemkaribia kwa sauti na mavazi.

Kuna watu wengine wawili ambao shughuli hizi huwapita haraka mno. Noel Redding alipiga bezi na Mitchell alipiga ngoma katika albamu zote tatu, na wote wawili wamefariki. Warithi wao wamefika hadi mahakamani London dhidi ya kampuni ya Sony kuhusu haki za rekodi hizo. Simwamui yeyote katika kesi hiyo, lakini inaniongezea swali kwa waandaaji. Sikiliza jinsi ngoma za Mitchell, zenye asili ya jazi, zinavyomjibu Hendrix badala ya kumhesabia tu mapigo, kisha tazama matangazo ya madarasa: gitaa, gitaa, gitaa. Darasa moja la ngoma kando ya hayo, likifundisha namna ya kumsikiliza mpiga gitaa na kumjibu, lingewafundisha hata wapiga gitaa wenyewe jambo ambalo sasa wanalikosa.