Ushuru wa mbao za Kanada: kusimamia sheria ni jambo moja, kiwango ni jingine

Tangu walipopeleka lalamiko lao la kwanza dhidi ya Kanada mwaka 1982, wenye viwanda vya mbao laini nchini Marekani wana kauli moja: sheria za uagizaji zipo, zisimamiwe. Ni vigumu kuipinga. Nani atasimama aseme sheria ipuuzwe? Lakini kauli hiyo imefunga kitita kimoja mambo mawili ambayo hayafanani: kuwabana wanaokwepa ushuru, na kupanga kiwango cha ushuru wenyewe.

Chimbuko la ugomvi ni umiliki wa misitu. Zaidi ya asilimia 90 ya misitu ya Kanada ni mali ya umma, na majimbo ndiyo yanayopanga ada anayolipa mkataji kwa mti uliosimama. Marekani, mbao nyingi hutoka kwenye misitu ya watu binafsi na bei huamuliwa sokoni. Wamarekani huiona ada ya Kanada kuwa ruzuku iliyovaa kanzu ya serikali. Wakanada hujibu kwamba mti ulio porini, mbali na barabara, hauwezi kupimwa kwa bei ya mti wa upande wa pili wa mpaka.

Kwenye ukwepaji wa ushuru, nakubaliana na wenye viwanda bila kusita. Ushuru ulipowekwa kwa plaiwudi ya China mwanzoni mwa 2018, mizigo ilianza kupitishwa Vietnam na Kambodia ibadilishiwe asili. Kwa sheria iliyosainiwa 2016, kiwanda kinaweza kumripoti mwagizaji, na Forodha ikiona shaka ya msingi inapaswa kuchukua hatua za muda ndani ya siku 90, kabla ya uamuzi wa mwisho. Ni sheria kali, na inastahili kuwa hivyo. Anayedanganya asili ya mzigo hamwibii serikali peke yake. Anamwumiza pia mwagizaji mwenzake aliyelipa.

Jambo la pili ni kiwango chenyewe, na hapa ndipo ninapotofautiana nao. Marekani hutoza amana mzigo unapoingia, kisha Wizara ya Biashara hufanya mapitio ya kila mwaka na kupanga ushuru halisi baadaye. Kwa kampuni zisizochunguzwa mojamoja, ushuru wote kwa jumla ulikuwa kama asilimia 20 mwaka 2018, ukashuka hadi 9 mwaka 2020, ukapanda hadi 18 mwaka 2021, kisha ukarudi karibu 8, na mwaka 2024 ukafika 14.4. Agosti 2025 ukaruka hadi 35.19. Mapitio hayo yalihusu mbao zilizoingia 2023, wakati amana ilikuwa kama asilimia 8. Mwagizaji alishauza mbao zile, nyumba zikajengwa, watu wakahamia; ndipo akaambiwa gharama yake haikuwa ile aliyoijua. Huyu hakukwepa chochote.

Wajenzi wa nyumba nao wasijifanye hawana lao. Hulaumu ushuru kila bei ya mbao inapopanda, ilhali Mei 2021, bei ilipopita dola 1,500 kwa futi 1,000 za mbao, ushuru ulikuwa karibu na kiwango chake cha chini kabisa. Kilichopandisha bei wakati ule ni janga la korona: viwanda vilipunguza kazi, watu wakashika misumari na nyundo majumbani.

Hata hivyo historia haiwapi wenye viwanda haki ya kujiamini kiasi hicho. Ushuru uliotozwa kuanzia 2002 ulifika zaidi ya dola bilioni 5. Makubaliano ya 2006 yalirudisha zaidi ya bilioni 4, na katika bilioni moja iliyobaki nusu ilikwenda kwa viwanda vya Marekani vilivyolalamika. Mwaka 2020 jopo la Shirika la Biashara Duniani liliikosoa tena hesabu ya Marekani kuhusu ruzuku ya Kanada. Marekani ikakata rufaa kwenye chombo cha rufaa cha shirika hilo, kilichokuwa hakina waamuzi wa kutosha tangu Desemba 2019, na shauri likalala huko.

Oktoba 2025 iliongezwa asilimia 10 nyingine kwa hoja ya usalama wa taifa, na wenye viwanda wakaipongeza. Ushuru huo haukuhitaji mtu athibitishe ruzuku wala bei ya kutupa, yaani kuuza nchi ya nje kwa bei ya chini isiyo ya haki.