Manowari ya Adui Isituoneshe Kila Kitu

Katika manowari zote za adui nilizopigana nazo kwenye magemu ya maharamia, ninayoiheshimu kuliko zote ni El Impoluto, ya Assassin's Creed IV: Black Flag, gemu lililotoka 2013. Manowari nyingine ukishazizoea unajua zitakachofanya: zinakupa ubavu, mnapigana mizinga, mwenye mbao nene ndiye anayebaki juu ya maji. El Impoluto inakuelekezea omo, inajaza matanga, inakuja mbio kukugonga. Meli kubwa kiasi kile kukimbia vile! Ukichelewa kukata usukani, umebaki na kuwaamuru mabaharia wainame na kusubiri kishindo.

Kwenye mabanda ya gemu ya Mwanga hapa Kigoma, wengi watakuambia HMS Fearless na Royal Sovereign ndizo ngumu zaidi, kwa sababu zinakuja mbili kwa pamoja. Ugumu zinao, sibishi. Hofu ni habari nyingine.

Na hofu ndiyo gemu hili linaipunguza lenyewe. Ukiitazama meli kwa darubini unaambiwa daraja lake na shehena iliyobeba. Vita vikianza, unaona kwa macho uhai wake unavyopungua. Adui unayemsoma hivyo utamwogopa kwa muda gani?

Sisi tuna manowari yetu ya kulinganisha. Kabla ya kuwa Liemba ya abiria, ilikuwa Graf von Götzen ya Wajerumani: iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa Ziwa Tanganyika Februari 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Baadaye ikafungwa mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg, iliyomalizwa kule delta ya Rufiji. Waingereza nao walivuta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kupitia misitu na milima ya Kongo. Boti hizo ziliiteka meli ya Wajerumani Kingani, kisha zikaizamisha nyingine yao, Hedwig von Wissmann. Götzen ilipotokea, kamanda wao Spicer-Simson alikataa kuikabili. Kuiona kulimtosha.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya 1916. Mzinga ule mkubwa uliondolewa ukatumike vitani nchi kavu, na mahali pake pakawekwa wa mbao. Aliyeitazama kwa mbali angejuaje? Julai mwaka huo Wajerumani waliizamisha wenyewe, mitambo ikiwa imepakwa grisi, wakitumaini kuirudia. Waingereza ndio walioiibua, na 1927 ikaanza tena safari.

Gemu la maharamia lenye adui wa namna hiyo ningelicheza mpaka alfajiri. Darubini inioneshe matanga, bendera na midomo ya mizinga, basi. Kama mizinga ni ya chuma au ya mbao, nikaijue nikiwa nimeshasogea karibu kiasi cha kupigwa.