Siku cherehani inaponyamaza

Wenzangu wa nyumbani huniuliza swali lile lile: huko ughaibuni mwanamke aliyejiajiri anapata mtaji kwa urahisi? Nami huwauliza: ukilala kitandani kesho, kazi yako anaifungua nani? Mimi ni fundi cherehani. Nimejiajiri nyumbani, sasa nimejiajiri Uingereza, na tofauti niliyoiona haikuwa siku za mauzo. Niliiona siku cherehani iliponyamaza.

Mtoto wa kwanza nilimzaa nyumbani. Siku ya tisa nilikuwa nimerudi kwenye mashine, maana mteja hasubiri kidonda kipone. Hakuna aliyenilipa hata senti. Lakini mikono ilikuwepo: mama mkwe alibeba mtoto, wifi alipokea vitambaa na kuandika vipimo, wanawake wa upatu wakanipa zamu ya mwanzo ingawa yangu ilikuwa ya mwisho. Fomu sikujaza hata moja.

Wa pili nimemzalia huku. Uingereza hutoa posho ya uzazi hata kwa aliyejiajiri, hadi wiki 39, mradi awe amefanya kazi angalau wiki 26 katika zile 66 kabla ya wiki anayotarajia kujifungua. Nusura niikose. Visa yangu inasema sina haki ya misaada ya umma, na sisi wahamiaji tunatishana: gusa pesa ya serikali, utafukuzwa. Kumbe posho hii inatokana na michango ya bima ya taifa, haihesabiwi katika misaada hiyo. Dada yangu uliye huku, usiiache kwa woga. (Ila hakikisha kwanza visa yako inakuruhusu kujiajiri, ya mwanafunzi hairuhusu.)

Basi pesa ikaingia, mikono haikuja. Majira ya baridi, saa kumi jioni nje kumeshakuwa giza, mimi na mtoto tu. Ukiwa kwenye posho unaruhusiwa kufanya kazi siku 10 bila kuipoteza, na wateja hawana habari na hizo siku 10. Wakikukosa mara mbili wanahamia kwa mwingine. Mama mkwe alipiga simu ya video akauliza nani anamshika mtoto nikishona. Nikamwonyesha: amelala ndani ya kikapu cha vitambaa. Akanyamaza. Kisha akauliza kama posho imeingia.

Kuna wanaosema wenzetu wameumbwa na haki zao. Si kweli. Hapa hapa, kabla ya sheria ya mwaka 1975 dhidi ya ubaguzi wa kijinsia, benki iliweza kumwambia mwanamke alete mwanamume wa kumdhamini. Marekani, kwa mikopo ya biashara, sharti hilo la mdhamini mwanamume lilikomeshwa kabisa mwaka 1988. Kwa hiyo mwenzangu anayenyimwa mkopo leo kwa sababu hati ya kiwanja ina jina la mumewe, asiambiwe kwamba ndivyo dunia ilivyo.

Linaloniudhi zaidi ni hili: mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, lakini unamzungumzia mwanamke aliyeajiriwa. Mwenye mashine yake mwenyewe hayumo, na nyumbani ndio sisi tulio wengi. Nikisema tuanzishiwe mfuko wa uzazi wa kuchangia kidogo kidogo kwa simu, naambiwa wanawake wa biashara ndogo hawawezi kuchanga kwa nidhamu. Hawawezi! Upatu wetu ulikuwa wa kila wiki, mvua au jua. Mweka hazina hakuwahi kuandika risiti, na pesa haikuwahi kupungua.