Chini ya Kawa

Huku Maine, Marekani, Machi ikifika theluji bado imejaa uani. Mwanangu wa darasa la pili alikwenda kufukua majani makavu nyuma ya nyumba, akarudi na kitu kigumu mkononi. "Baba, jiwe lina macho!" Nikaligonga mezani: ko, ko. Kumbe chura, kaganda mwili mzima, na baka jeusi usoni kama kitambaa cha jambazi. "Kafa huyo. Katupe."

Mtoto wa siku hizi haambiwi mara moja akasikia. Akamtia kwenye bakuli karibu na hita, akamfunika kwa kawa ya mama mkwe. Kawa yenyewe imetoka Tanga ndani ya sanduku, maana mama mkwe alishasikia kwamba huku chakula kinaachwa wazi.

Jioni mama mkwe katoka kuswali Magharibi, njaa inamuuma. Kuona kawa, akajua mkate wa kumimina huo. "Bismillahi." Akafunua. Marehemu akaruka, pwaa, mapajani kwake!

Mama mkwe hakupiga yowe. Alianza Ayatul Kursiy kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Na mimi, mkwe mwenye adabu zangu, ambaye mbele yake hata miguu sikunjui, nilijikuta nimesimama juu ya kiti, mwiko mkononi.

"Shuka, baba, umtoe huyu jini!"

"Mama, samahani, msukume mwenyewe kidogo."

Aliyemkamata ni mtoto.

Mke wangu aliporudi kazini alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ndipo akatueleza: chura wa msituni wa huku hulala chini ya majani, baridi ikamgandisha. Ini linamwaga sukari kwenye damu ili seli zisiharibike. Maji ya mwilini, karibu theluthi mbili, yanakuwa barafu. Moyo unasimama, pumzi hakuna. Joto likirudi, moyo unaanza tena.

"Sukari?" mama mkwe akadakia. Yeye daktari kamkataza hata kijiko kimoja cha chai. "Chura ajaze sukari mwili mzima, afe, afufuke, na haambiwi ana kisukari! Mimi tende mbili tu, nasemwa wiki nzima!"

Chura alirudishwa kwenye majani yake usiku uleule. Ila tangu siku hiyo kuku wa friza haingii chunguni mpaka mama mkwe amchome kwa uma, arudi nyuma hatua moja, amsubiri.