Eti Seremala Ni Mwongo

Mtu akitaka kumtusi mwenzake kwa adabu anamwambia ana ahadi za seremala. Mafundi cherehani nao wamo kwenye tusi hilo, lakini wana midomo yao, wajitetee. Mimi nitawasemea wa mbao, na nitasema hata kama kuna mteja amesimama mlangoni kakunja mikono, maana huyo hakosekani.

Anayedanganya hapa ni ubao. Mimi ni msemaji wake tu.

Chukua mteja aliyejinunulia mbao mwenyewe, eti anabana matumizi. Mbao zimetoka porini juzi, ukizikaza kwenye jiliwa zinatoka jasho. Anataka kabati. Lini? Ijumaa. Namweleza kwa upole: mti uliokatwa sasa hivi una maji yanayoweza kufika nusu ya uzito wa mbao ikiwa kavu, na ipo miti ambayo maji yake yanaizidi mbao yenyewe. Samani ya kukaa ndani inataka unyevu wa asilimia 8 hadi 12 hivi. Wazee wa kazi wana kanuni yao, kwamba ubao ukipangwa penye kivuli na upepo hukauka kwa mwaka mmoja kwa kila inchi 1 ya unene. Mbao zako hizi ni inchi 2. Kwa hiyo Ijumaa ipo, mzee wangu, ila hatujakubaliana ni ya mwaka gani.

Anaona namfanyia dharau. Anabeba mbao zake na kwenda kwa fundi mwingine, ambaye hana maelezo, ana neno moja tu: "Ijumaa, bosi." Na kweli Ijumaa kabati linatoka, limepigwa vanishi, linang'aa. Linaingia ndani, linaanza kukauka taratibu, na katika kukauka linafanya yale yale ambayo mbao zingeyafanya kwenye kivuli changu bila kumuumiza mtu. Linajikunja. Milango inapeana kisogo kama mke na mume walionuniana. Sasa mteja anarudi kwangu, mimi ambaye sikuligusa, anaanza: "Nyie mafundi bwana!" Nyie! Tumeshakuwa ukoo.

Hili la mbao kutembea ndilo lililonizeesha. Watu wanaamini mti ukishakatwa umekufa na mambo yameisha. Thubutu! Penye unyevu ubao unavimba, penye ukavu unasinyaa, mwaka hadi mwaka, na haufanyi hivyo kwa haki. Kwa urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana kwa macho. Visa vyote viko kwenye upana, na hapo napo una ubaguzi: kusinyaa kwa kufuata zile duara za umri wa mti ni karibu mara mbili ya kusinyaa kwa kuzikatiza, kutoka kiini kwenda gome. Ndipo ubao uliolala sawasawa jana unaukuta leo umeinua kingo. Meza yenye upana wa mita 1 inaweza kutanuka na kurudi milimita kadhaa kati ya msimu wa mvua na kiangazi. Kwa kuwa nalijua hilo, uso wa meza siugandishi kwenye fremu kwa gundi. Naushika kwa skrubu zilizopita kwenye matundu marefu, ili ukitaka kusogea usogee bila kumuuliza mtu.

Basi kuna mteja aliinama chini ya meza yake kukagua. Sijui kwa nini watu hupenda kukagua meza kwa chini. Akaona skrubu ina nafasi ya kucheza, akaniita fundi wa kulipua. Jioni hiyo hiyo akatafuta gundi, akatafuta na misumari, akaitia meza adabu. Kiangazi kilipofika meza ikataka kusinyaa, ikajikuta ina pingu, ikapasuka katikati kwa mlio uliomtoa kitandani. Hayo ni maneno yake mwenyewe, maana alinipigia simu usiku ule ule kunilaumu. Unadhani misumari aliitaja?

Wapo wengine wananihesabia muda. Mtu anapita asubuhi, ananikuta nanoa patasi. Anarudi baadaye, nimeshika kinoo, nanoa ulimi wa randa. "Fundi, kazi yangu unaanza lini?" Mzee, hii ndiyo kazi yako! Patasi inataka ukali wa nyuzi 25 hadi 30, na isiponyoa vinyweleo vya mkono haijaiva. Ndiyo maana mkono wangu wa kushoto hauna kinyweleo hata kimoja na wa kulia uko kamili. Wageni hudhani ni maradhi. Patasi butu ndiyo inayokata watu, kwa sababu unaisukuma kwa hasira, inateleza, inakuta kidole. Lakini nenda ukamweleze hayo mtu aliyezoea kuwa fundi anayefanya kazi lazima asikike akigonga. Ukinyamaza unanoa, umelala. Ukigonga kitu chochote, hata benchi tupu, anaondoka ameridhika. Siku hizi nikimwona anakuja naligonga benchi.

Na hiyo patasi ikishaiva, shemeji anakuja kuiazima. Shemeji humnyimi kitu. Anairudisha jioni imekatika kona, kwa kuwa alikuwa anachimbulia saruji kwenye tundu la komeo, ananipa na asante juu. Asante hainolewi jamani.

Kijana wangu wa kazi naye ana yake, ingawa huyu namtetea, ana heshima na ana bidii, shida ni huruma. Mnaijua tepu ya kupimia? Kile kindoano cha nchani huwa kinacheza kidogo mbele na nyuma. Kimefungwa hivyo makusudi. Kinasogea sawa na unene wake chenyewe, ili ukipima kwa kukivuta kwenye ukingo wa ubao, au kwa kukisukuma kwenye ukuta, upate kipimo kile kile. Aliyebuni jambo hilo alistahili kupewa kiti apumzike. Sasa dogo aliona kindoano kinacheza, akanisikitikia, bosi wake anafanya kazi na kifaa kibovu. Nilipotoka kidogo akakilaza juu ya chuma, akazigonga zile ripiti kwa nyundo mpaka kikatulia. "Fundi, nimekutengenezea ile." Sikujua ni ile ipi. Nilijua baadaye, droo zilipoanza kugoma kuingia mahali pake, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuyatilia shaka macho yangu. Kumfokea nilishindwa, alikuwa amefurahi mno. Nikampa tepu iwe mali yake. Anaitumia hadi leo, kwa kuvuta tu. Vya kusukuma ukutani ananiita.

Tuje kwenye picha za simu. Zamani mteja alikuja na maneno, mkaelewana kwa mikono, kiti kikatoka kiti. Sasa anakuja na kitanda kisicho na miguu. Kwenye picha kinaelea. Namuuliza kinashikiliwa na nini, ananiambia huo ndio mtindo. Natazama vizuri, kitanda chenyewe kimechorwa na kompyuta, hakijawahi kulaliwa na mtu, na hata kivuli chake kinakwenda upande ambao dirisha halipo. Mwingine anataka kiti chenye miguu ya unene wa kidole, kiunganishwe kwa gundi tu, skrubu zisionekane. Sawa, nani atakikalia? Akanionyesha mjomba wake, aliyekuwa amekaa pembeni kwenye gogo, tena gogo la mti mgumu, na lilikuwa linalalamika.

Gundi nayo ina ratiba yake. Gundi nyeupe ya mbao, ukiibana kwa klempu nusu saa au saa moja, kiungo kinaanza kusimama, lakini nguvu zake zote inazipata baada ya saa 24. Mteja hataki kusikia habari za saa 24. Anakuta kiti kimebanwa klempu kila upande, anakivuta, anakikalia, anajitikisa. "Mbona kinalegea, fundi?"

Lililoniuma kuliko yote ni la droo. Niliamua kumfanyia mama mmoja droo za haki, zilizoungwa kwa mikia ya njiwa. Kama hujawahi kukiona kiungo hicho, ni meno yaliyotanuka nchani na kuingia kwenye nafasi za ubao mwenzake, hivi kwamba ukiivuta droo miaka yote uso wake haung'oki, hata pasipo msumari. Unachora kwa kisu badala ya penseli, kwa sababu mstari wa penseli una unene, na unene huo ndio ufa utakaouona baadaye. Unakata kwa msumeno wa meno madogo, ukikumbuka kuwa msumeno nao unakula njia yake, kwa hiyo unakata upande wa taka wa mstari na kuuacha mstari wenyewe ukiwa mzima. Unachonga kwa patasi, unajaribisha, unapunguza unywele, unajaribisha tena. Vikaingia kwa kusukumwa na kiganja, bila nyundo. Nikaziweka mezani makusudi, upande wa viungo ukitazama mlangoni, nikajifanya nafagia maranda.

Mama akaja, akazigeuza, akapitisha kidole. Nikasubiri.

"Fundi, hivi vipembetatu utaviziba na puti kabla ya rangi, sivyo?"

Nikaziba. Nikapaka rangi. Alipokuja kuzichukua alizisifu sana, akasema mkono wangu una baraka, hasa vile vishikio. Vishikio vilinunuliwa dukani, dogo ndiye aliyetumwa.

La vumbi silirefushi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1995, ndiyo maana navaa barakoa, na ndiyo maana watoto wa mtaani wananiita daktari. Daktari angalau watu humsubiri kwenye foleni bila kelele.

Kabati za ukutani nataka kuziacha kabisa. Mimi natoka na pembe yangu imenyooka, nimeihakikisha kwa ile hesabu ya 3, 4 na 5: sentimita 60 upande huu, 80 upande ule, mshazari lazima usome 100, ukikosa kuna aliyepinda. Nimepima na mishazari miwili ya fremu, imelingana. Nalisukuma kabati kwenye kona ya nyumba, juu unabaki ufa wa kupitisha kidole. Mwenye nyumba anatikisa kichwa. "Fundi, kabati lako limepinda." Naweka pimamaji juu ya kabati, povu linakaa katikati, limetulia. Naiegemeza pimamaji hiyo kwenye ukuta, povu linakimbilia pembeni, halitaki kuhojiwa. Namwonyesha bila kusema neno.

"Ukuta huu alijenga kaka yangu," akasema.

Basi, kabati limepinda. Nikachukua kibanzi na penseli, nikaukokota ule mstari wa ukuta kwenye ubavu wa kabati kutoka juu hadi chini, nikaranda palipohitaji, kabati langu lililonyooka likajifunza mwendo wa kaka. Likakaa bila ufa. Mwenye nyumba akafurahi kwamba hatimaye nimelinyoosha.

Mlango ndio unanirudisha nyumba ile ile kila msimu. Mvua zikianza, simu zinaanza. "Fundi, mlango unagoma, tunaufunga kwa bega." Naenda, naukuta umevimba upande wa kitasa, unasugua mwimo. Najaribu kusema kweli, mimi mwongo: mzee, vuta subira, mvua zikiisha utakauka, utarudi wenyewe, tuupake vanishi na juu na chini ambako hamkupaka, usinywe maji tena. Anashusha sauti. "Fundi, kama hutaki kazi sema tu, nitafute mwingine." Nikachomoa bawaba, nikaulaza mlango, nikapiga randa pale alipoonyesha yeye kwa kidole chake. Ukafunga vizuri, kwa kidole kimoja. Akaita familia nzima waje kuufunga na kuufungua.

Kiangazi kikaingia. Simu. "Fundi, hebu njoo uone, upepo unapita, jirani anatuona tukiwa tumekaa, mlango umekuwa mdogo." Nikaenda. Nikasimama mbele ya ule uwazi, nikatia mikono mfukoni, nikanyamaza maana kila neno nililokuwa nalo lilikuwa la msimu uliopita. Yeye akanisogelea, akaongea taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeliwaza jambo usiku kucha.

"Fundi, yale maranda uliyoyatoa kwenye mlango wangu. Uliyapeleka wapi?"