Mgawaji hujiwekea mwisho

Ploti tunayokaa Majengo ina vyumba vinane na mfereji mmoja. Maji matamu hayaji kila siku, na yakija huja usiku wa manane; utajua kwa kelele za mitungi. Kisima cha uani kipo, ila chumvi yake haikubali chai.

Tuligombana sana. Waliojaza mitungi miwili wakaenda kulala kwa roho safi, waliamka wakakuta jirani ana kumi na mfereji unakohoa. Wiki ya pili nao wakajaza kumi. Siwalaumu, mimi nilijaza hadi beseni la mtoto. Mwaka 1950 Wamarekani wawili, Merrill Flood na Melvin Dresher, walibuni mchezo ambao kila mmoja akitafuta lake kwa akili timamu, wote hutoka na hasara. Sisi tuliucheza kwa mitungi.

Mwenye nyumba alibandika karatasi ya kutuomba tuoneane huruma. Ilidumu siku tatu.

Dawa aliitoa mama wa mahamri, chumba cha tatu. “Jamani, kwenye sinia la pilau, anayegawa nyama si hujiwekea mwisho? Basi na hapa.” Tangu hapo kila usiku wa maji chumba kimoja hushika mpira: mtungi mmoja kwa kila mlango, kisha raundi ya pili, chake kikifuata nyuma ya vyote. Maji yakikatika, aliyekosa ni yeye. Mtazame anavyoukunja mpira kati ya mtungi na mtungi, hata tone halimwagiki! Na akipendelea, ajue zamu ijayo mpira uko kwa mwingine.

Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kuwa wavuvi na wakulima wa mifereji ya kumwagilia mashamba huweza kujitungia kanuni zao bila kungoja serikali. Nakubali, ila nadhani siri kubwa ni kuonana tena kesho. Pale feri ya Likoni, unayemsukuma kwa kiwiko huenda usimwone tena maishani. Huko bila askari hatufiki mbali.

Mama wa mahamri hupewa mtungi wa ziada, nasi Ijumaa tunapata mahamri mawili mawili. Kijana wa chumba cha sita hali mahamri, anataka pesa. Hilo bado tunabishana.